Kuanza na kiolezo: programu-jalizi ya ramani inayowalinda watu

Mashirika mengi madogo ya amani siku hizi yanachora ramani zao yenyewe. Wachache kati yetu tumesomea kuandika programu za kompyuta. Katika makala haya tunaeleza jinsi timu ndogo inavyoweza kutumia kiolezo kilicho tayari ili kutengeneza chombo chake ndani ya programu ya ramani. Tunaeleza pia jambo ambalo kiolezo hakiwezi kukufanyia.

Barabara ya Kibua

Kibua iko kwenye barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Ukiwaambia watu wa haki za binadamu jina hilo, wengi wanakumbuka mwaka 2010. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti mwaka huo, vikundi vyenye silaha viliingia katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi, kikiwemo Luvungi. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wanaume, wasichana na wavulana. Kambi ya walinda amani wa MONUSCO ilikuwa kwenye barabara hiyohiyo, hapo Kibua. Lakini vijijini hakukuwa na mtandao wa simu, na habari kamili zilichelewa kufika kwa watu ambao wangeweza kufanya kitu.

Tangu hapo, kila mtu anayefanya kazi ya amani katika sehemu hizi amejifunza kukusanya habari upesi. MONUSCO iliweka wasaidizi wa kuunganisha jamii na kambi zake, na mitandao ya tahadhari vijijini. Mashirika ya wenyeji nayo yakaanza kuandika matukio: siku gani, kijiji gani, jambo gani. Simu zenye GPS zilipoenea, kila tukio likapata nukta kwenye ramani.

Hii ni hatua nzuri. Lakini habari inayomwokoa mtu leo ikipelekwa upesi kwa redio, inaweza kumponza kesho ikikaa ndani ya faili. Sisi tulijifunza hivyo kwa makosa yetu wenyewe.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita tulituma ramani ya matukio kwa wadau wetu mjini. Ilionekana salama: nukta nyekundu, mito, barabara, basi. Mwenzetu mmoja aliifungua tena kwenye kompyuta yake, akabofya nukta moja. Likafunguka jedwali dogo, na ndani yake kulikuwa na safu yenye jina la mama aliyetupa habari, pamoja na namba ya simu ya jirani yake. Tulikuwa tumechora nukta tu, lakini faili ilikuwa imebeba fomu nzima.

Tuliwapigia simu wote waliopokea tukawaomba waifute. Wiki mbili baadaye, kijana mmoja alimwuliza yule mama sokoni kwa nini anazungumza na watu wa shirika. Hatukuweza kujua kama swali hilo lilitokana na ramani yetu. Hatukuweza pia kusema kwamba halikutokana nayo. Mama alilala kwa dada yake hadi mwisho wa mwezi, nasi tukaenda kumwomba msamaha.

Baada ya hapo tuliandika kanuni kwenye karatasi na kuibandika ukutani: kabla ya kutuma, futa majina, futa simu, sogeza nukta. Kanuni ilikuwa sawa, ila iliwategemea watu waliochoka, saa kumi na moja jioni, jenereta ikikaribia kuzimwa. Kazi ambayo lazima ifanywe kwa namna ileile kila mara, bila kusahau, ni afadhali ifanywe na kompyuta. Ndipo tulipoanza kutafuta programu-jalizi.

Programu-jalizi ni nini?

Programu ya ramani tunayotumia ni QGIS. Ni programu huria, haina malipo, na inafanya kazi bila intaneti. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, na sasa inaendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2009, na toleo la 3.0 mwaka 2018.

Programu-jalizi ni programu ndogo inayojalizia ile kubwa. Fikiria pikipiki ya mwendesha taxi anayebeba viazi. Injini hakuitengeneza yeye, lakini ameunganisha nyuma kibebeo cha chuma kinachofaa mizigo yake. Pikipiki inabaki ileile, na kibebeo ni chake. Katika QGIS, kibebeo hicho huandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python. QGIS ikiwa kwa Kifaransa, kama wengi wetu tunavyoitumia, menyu yake inaitwa Extensions.

Kiolezo ni kalibu

Anayefyatua matofali haanzi kila tofali kwa kupima na rula. Ana kalibu. Anatia udongo, anasawazisha, anainua, na tofali limetoka na pembe zake nne. Kiolezo cha mradi ni kalibu ya namna hiyo. Kila programu-jalizi ya QGIS lazima iwe na faili fulani zenye majina fulani, la sivyo QGIS haitaiona. Mtu anayeanza na ukurasa mtupu anaweza kupoteza siku tatu kabla ya kuona kitufe chake cha kwanza. Anayeanza na kiolezo anakiona kitufe siku ileile.

Kiolezo tulichotumia kinaitwa Plugin Builder, nacho pia kilitengenezwa na Gary Sherman. Chenyewe ni programu-jalizi: unaisakinisha ndani ya QGIS, unajaza fomu, nayo inakutengenezea folda yenye kila kitu cha lazima.

Wazo la kutumia tena kazi ya mwingine si geni katika Afrika Mashariki. Jukwaa la Ushahidi lilizaliwa Kenya mwezi Januari 2008, ili wananchi waripoti ghasia zilizofuata uchaguzi. Liliandikwa upya ili wengine waweze kulitumia, na mwezi Novemba mwaka huohuo likawekwa kwa ajili ya matukio ya mashariki ya Kongo. Aliyelitumia hakuanza upya. Alipokea kalibu, akatia udongo wa kwao.

Mambo ya kuandaa

Intaneti ni ghali na haipatikani kila mahali. Kwa hiyo pakueni kila kitu kwa safari moja ya mjini, na mkihifadhi kwenye flashi:

- QGIS, toleo la 3.18 au jipya zaidi. Kwenye Windows inakuja pamoja na Python na Qt Designer, chombo cha kuchora madirisha.
- Plugin Builder, kama faili ya ZIP. Menyu ya Extensions ina sehemu ya kusakinisha kutoka ZIP, bila intaneti.
- Plugin Reloader, pia kama ZIP. Inakuwezesha kuona mabadiliko yako bila kufunga na kufungua QGIS kila mara. Mahali ambapo umeme ni wa saa chache, hilo ni jambo kubwa.
- Kihariri chochote cha maandishi ya kawaida. Msitumie programu ya kuandikia barua, kwa sababu inaongeza alama zisizoonekana.

Hatua ya 1: Kaeni chini kwanza

Msifungue kompyuta bado. Kaeni na watu wanaotoa habari: akina mama, vijana, wahudumu wa afya, shefu wa lokalite. Waulizeni: ramani hii ikianguka mikononi mwa mtu mbaya, atajua nini ambacho hakukijua jana?

Mazungumzo yetu yalibadilisha mpango wetu mara tatu.

Kwanza tulitaka kufuta majina na kuzisogeza nukta kidogo. Mzee mmoja akasema: "Mkiisogeza nukta kutoka kijiji chetu, itaangukia kijiji cha jirani. Mtakuwa mmesema uongo kwamba wao ndio walioshambuliwa, au kwamba wao ndio waliosema." Alikuwa na haki. Katika milima ya Masisi, kilomita moja inatosha kukupeleka kwa watu wengine kabisa.

Kisha tukafikiri kuonyesha idadi ya matukio kwa kila grupema. Hapo wengine wakanyamaza, na ukimya huo tuliuelewa. Mipaka ya baadhi ya grupema ina ubishi, na ubishi wa ardhi ni moja ya mizizi ya vita vyetu. Ramani ya shirika yenye mstari wa mpaka inaweza kubebwa kama ushahidi mbele ya mwami au mbele ya hakimu. Tungekwenda kuandika amani na kurudi tumechora ugomvi.

Mwisho tulikubaliana juu ya miraba. Tungeigawanya sehemu yote katika miraba ya kilomita 10 kwa 10 na kuandika idadi ya matukio ndani ya kila mraba. Mraba hauna shefu, hauna kabila, haudai shamba la mtu. Na pale ambapo matukio ni machache mno, yaani chini ya 3, ramani itasema "chini ya 3" tu, kwa sababu tukio moja ndani ya mraba linaweza kumwonyesha mtu mmoja.

Hatua ya 2: Jazeni fomu ya kiolezo

Sasa fungueni Plugin Builder. Itauliza mambo yafuatayo, ukurasa baada ya ukurasa:

Jina la klasi. Liandikwe bila nafasi, kila neno likianza na herufi kubwa. Sisi tuliandika FichaMahali.

Jina la programu-jalizi. Hili ndilo watu watakaloliona. Tuliandika Ficha Mahali.

Jina la moduli. Herufi ndogo, na mstari wa chini kati ya maneno: ficha_mahali.

Toleo, na toleo la chini la QGIS. Andikeni toleo ambalo kweli mmelijaribu, sisi tuliandika 3.18. Programu-jalizi zilizoandikwa kwa QGIS 2 zilikataa kufanya kazi katika QGIS 3 mpaka zirekebishwe, kwa hiyo namba hii si mapambo.

Mwandishi na barua pepe. Wekeni jina la shirika na anwani ya ofisi, si ya mfanyakazi mmoja. Faili hii itasafiri, na nayo inaweza kumponza mtu.

Aina ya kiolezo. Kuna chaguo la kitufe chenye dirisha la kujaza, chaguo la kitufe chenye dirisha linalobaki pembeni mwa ramani, na chaguo la kuongeza zana katika kisanduku cha uchakataji cha QGIS. Kwa anayeanza tunashauri la kwanza: unabofya, dirisha linafunguka, unachagua, unakubali.

Vitu vya ziada. Fomu itapendekeza majaribio ya kitaalamu, msaada, tafsiri na vinginevyo. Ondoeni alama kwa vile msivyovielewa. Mtaviongeza siku mtakapovihitaji.

Mwisho itauliza mahali pa kuhifadhi. Chagueni folda ya plugins iliyo ndani ya profaili yenu ya QGIS. Kwenye Windows folda hiyo imefichwa, hivyo msiitafute kwa mkono. Nendeni kwenye Préférences, kisha Profils utilisateurs, na hapo kuna njia ya kufungua folda ya profaili inayotumika. Ndani yake fungueni python, halafu plugins.

Hatua ya 3: Fahamuni yaliyomo

Mtakuta faili kadhaa. Zisiwatishe. Muhimu ni hizi:

metadata.txt ni kitambulisho cha programu-jalizi: jina, toleo, mwandishi.

__init__.py ni mlango. QGIS inaingilia hapa.

ficha_mahali.py ni nyumba yenyewe. Ndani yake kuna sehemu tatu za kuzijua. initGui huweka kitufe kwenye QGIS, unload hukiondoa, na run hufanya kazi mtu anapobofya.

ficha_mahali_dialog_base.ui ni mchoro wa dirisha. Ufungueni kwa Qt Designer, si kwa kihariri cha maandishi.

resources.qrc hueleza picha ya kitufe ilipo. Kawaida faili hii hubadilishwa kwa amri ya pyrcc5 kabla ya kutumika. Wengi hukwama hapa siku ya kwanza. Amri hiyo ikikataa, mnaweza kuiacha: futeni mstari unaoita faili ya resources ndani ya ficha_mahali.py, na elekezeni picha moja kwa moja kwenye faili ya icon.png iliyo ndani ya folda.

Funguni QGIS na kuifungua tena, nendeni Extensions, wekeni alama kwenye Ficha Mahali. Kitufe kitaonekana. Kikibofywa, linafunguka dirisha tupu lenye vitufe viwili. Hakifanyi kitu bado, lakini kipo. Sisi siku hiyo tulipiga makofi.

Hatua ya 4: Wekeni kazi yenu

Kiolezo kinawaonyesha mahali pa kuandika. Mwishoni mwa sehemu ya run kuna mstari wenye neno pass, na juu yake maelezo kwamba muufute na kuweka msimbo wenu. Mnachoandika hapo ndicho chenu. Mengine yote ni kalibu.

Katika Qt Designer tuliongeza vitu viwili tu kwenye dirisha: orodha ya kuchagua tabaka la nukta (QGIS inayo tayari, inaitwa QgsMapLayerComboBox), na sehemu ya kuandika jina la faili mpya. Hatukuweka sehemu ya kubadilisha ukubwa wa mraba. Kitu kilichoamuliwa na watu wa kijiji hakifai kubadilishwa na mfanyakazi mwenye haraka.

Kisha tuliandika kazi nne, zikifuatana. Hatukuzibuni kutoka mwanzo. Tuliziita zana ambazo QGIS inazo tayari.

1. Kubadilisha viwianishi. Simu inaandika mahali kwa digrii. Ili kupima kwa mita, tunageuza kwenda UTM kanda ya 35 Kusini, yaani EPSG:32735, inayofaa Masisi na Walikale. Zana yake ni native:reprojectlayer.

2. Kuhesabu nukta ndani ya kila mraba, kwa native:countpointsinpolygon. Hapa kuna jambo linalotufurahisha. Zana hii inatoa miraba na idadi tu. Jina la mama, simu ya jirani, saa, nyumba: vyote vinabaki nyuma kwenye faili ya zamani. Hatufuti majina, kwa sababu hatuyabebi kabisa. Anayefuta anaweza kusahau safu moja.

3. Kuandika "chini ya 3" pale idadi inapokuwa 1 au 2, kwa native:fieldcalculator, ndani ya safu mpya ya maandishi.

4. Kubakiza safu hiyo mpya peke yake, kwa native:retainfields, na kuhifadhi matokeo katika faili mpya. Mara ya kwanza tulisahau hatua hii. Ramani ilisema "chini ya 3", na ukibofya mraba jedwali linasema 1. Lilikuwa kosa letu lilelile la zamani, limevaa nguo mpya.

Angalizo kuhusu miraba: itengenezeni mara moja tu kwa native:creategrid, hifadhini faili yake ndani ya folda ya programu-jalizi, na mtumie hiyohiyo siku zote. Mkiitengeneza upya kila mwezi, itaanza mahali tofauti kulingana na nukta za mwezi huo. Mtu akilaza ramani mbili zenye miraba iliyopishana, ataweza kulibana tukio ndani ya eneo dogo zaidi. Mtakuwa mmefungua mlango mliokusudia kuufunga.

Na angalizo kuhusu siku zijazo: QGIS inahamia kwenye Qt 6. Kwa hiyo panapohitajika kuita Qt, andikeni qgis.PyQt badala ya PyQt5. Mkikuta exec_ yenye mstari mwishoni, iandikeni exec. Mabadiliko haya madogo yatawaokoa baadaye.

Hatua ya 5: Jaribuni kwa habari za kubuni

Msijaribu kwa matukio ya kweli. Tengenezeni nukta 20 za kubuni zenye majina ya kubuni. Wekeni nyingine katikati ya mraba, nyingine juu kabisa ya mpaka wa miraba miwili, nyingine mbali nje ya eneo lenu. Wekeni moja yenye viwianishi vilivyogeuzwa, kosa ambalo hutokea sana. Kisha angalieni jumla. Je, kila nukta iliyo ndani ya eneo imehesabiwa mara moja? Iliyo nje imepotea kimya, au programu imewaambia?

Baada ya hapo mpeni faili mwenzenu asiyejua lolote kuhusu kazi hiyo, na mwambieni atafute jina la mtu. Bofyeni kila kitu. Kwa wadau tunatuma picha ya PNG, au ile faili mpya peke yake. Hatutumi faili ya mradi wa QGIS, kwa sababu inataja mahali faili za asili zilipo kwenye kompyuta yetu.

Jambo ambalo kiolezo hakiwezi

Kiolezo kinajua kitufe kinakaa wapi. Hakijui kwamba Masisi ni jina la mji na pia la teritware nzima, na Walikale vilevile. Hakijui kwamba kuna Luvungi ya Walikale na Luvungi nyingine ya Kivu ya Kusini, katika bonde la Ruzizi, na kwamba anayekosea kati ya hizo mbili anapeleka msaada mamia ya kilomita mbali na wanaouhitaji. Hakijui nani anamwogopa nani. Hayo ni yenu kuyaleta.

Kiolezo hakiwezi pia kutenganisha tahadhari na ripoti. Tahadhari ni ya leo. Inahitaji jina kamili la kijiji, na inapelekwa kwa sauti, kwa simu au redio, kwa mtu mmoja anayeweza kuja. Mwaka 2010 ndicho kilichokosekana katika barabara yetu. Ripoti ni ya baadaye, inasomwa na wengi, na haihitaji kijua nyumba ya mtu. Ficha Mahali ni kwa ajili ya ripoti. Shirika likianza kuficha mahali hata ndani ya tahadhari, linarudisha giza lilelile la 2010.

Wala programu-jalizi haiilindi faili ya asili. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na waasi walipofika Walikale mjini mwezi Machi mwaka huohuo, wafanyakazi wa mashirika walilazimika kuamua kwa saa chache nini cha kubeba na nini cha kuacha. Kompyuta iliyoachwa mezani ina kumbukumbu ndefu. Kwa hiyo tumejiwekea desturi: faili zenye majina hufungwa kwa nywila, hazikai kwenye kompyuta ya kila siku, na jina lisilohitajika tena linafutwa. Bora zaidi ni jina ambalo halikuandikwa tangu mwanzo.

Yule mama wa sokoni bado anatuletea habari. Tulipomwonyesha ramani mpya, yenye miraba yake, aliitazama kwa muda, akauliza nyumba yake iko wapi. Tukamwambia haionekani. Akasema: "Vizuri. Na yale yaliyotupata, yanaonekana?" Tukamwonyesha mraba wenye rangi nzito. Akaitika kwa kichwa. Programu-jalizi yetu inajaribu kuyajibu maswali yake yote mawili kwa pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika faili zenu za ramani kuna safu zipi? Ni ipi ambayo hamjaitumia hata mara moja kwa mwaka?
- Nani aliamua ramani yenu ionyeshe nini? Je, watoa habari waliulizwa?
- Mkiondoka ofisini kwa saa moja tu ya kujiandaa, ni kompyuta gani ingebaki, na ina nini ndani yake?
- Ni kazi gani mnayoifanya kila wiki kwa mkono, kwa namna ileile, ambayo ingefaa kutiwa kwenye kalibu?